Jiwe la mbuzi, kibahasha cha wifi

Kwa binamu yangu huko Kongwa, Dodoma, ukifika zizini kitu cha kwanza kukiona ni jiwe la madini. Limefungwa kwa waya kwenye nguzo, na mbuzi wamelilamba mpaka limebonyea katikati. Hela ya jiwe haimuumi hata kidogo. "Mbuzi mwenye mimba asipolamba hili," ananiambia, "kitoto kinatoka legelege, hata kusimama shida."

Mkewe naye ana mimba ya miezi saba. Nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari, pananing'inia kibahasha cha dawa alichopewa kliniki: vidonge vyekundu vya kuongeza damu, FEFO, vyenye madini ya chuma na vitamini iitwayo foliki asidi. Nikachungulia. Karibu vyote vimo.

"Wifi, vinanichefua," akasema kwa sauti ya chini. "Halafu choo kikawa cheusi. Nikajua vinaniunguza ndani."

Kumbe hakuna aliyemwambia kwamba choo cheusi ni kawaida ya madini ya chuma. Hapo ndipo ninapoudhika. Tumekuwa hodari wa kuhesabu vidonge vinavyotoka dirishani. Vikifika nyumbani, shauri ya mama mwenyewe.

Simlinganishi mama na mbuzi, msinielewe vibaya. Ila binamu anachokijua zizini kina ukweli hata chumbani. Mtoto tumboni hujichotea chuma kwa mama, hasa miezi mitatu ya mwisho, na akiba hiyo ndiyo inayomvusha karibu miezi sita ya kwanza, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo. Mama akipungukiwa damu, hatari ya kuzaa kabla ya wakati, au kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5, inapanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, pamoja na foliki asidi.

Sisemi kidonge kinarefusha mtoto. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, na udumavu una mambo mengi: kuhara, uji mwepesi, mimba za kufuatana. Hata zinki, madini mengine yaliyotarajiwa makubwa, ikitolewa peke yake kwa wajawazito haijaonyesha kuongeza uzito wa kuzaliwa. Chuma kinasaidia, lakini sharti kimezwe.

Na wifi, hata vile vichache alivyomeza, aliviteremshia chai ya rangi, ambayo hukizuia chuma kupenya mwilini. Tukakubaliana ameze usiku, baada ya ugali na mlenda, kwa kikombe cha maji ya ubuyu. Mibuyu huku kwetu si ya kutafuta, na vitamini C iliyo kwenye ubuyu hukisaidia chuma kuingia. Kichefuchefu kikizidi, arudi kliniki akawaambie.

Binamu alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza kama hilo jiwe nalo linageuza kinyesi cha mbuzi kuwa cheusi.

"Cha mbuzi kiliwahi kuwa cheupe?" wifi akamjibu, akainuka kwenda kusonga ugali.