Kaiser Manhattan ya 1954: Je, Supachaja Inastahili Kupandisha Bei?

Mtu anapoiuza Kaiser Manhattan ya mwaka 1954, gari la Kimarekani, sifa anayoitanguliza ni supachaja, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu, na kwa sababu yake huomba bei ya juu kuliko ile ya Kaiser Special ya mwaka huohuo, ambayo haina kifaa hicho. Ombi hilo lina msingi, ila msingi wenyewe si ule ambao wauzaji wengi huutaja, yaani mbio.

Kampuni ya Kaiser-Frazer, iliyoanzishwa mwaka 1945 na Henry J. Kaiser, mjenzi mashuhuri wa meli za wakati wa vita, pamoja na Joseph Frazer, haikuwahi kupata injini ya kulingana na bodi zake. Wakati Chrysler ya mwaka 1951 ilikuwa na V8, yaani injini ya silinda nane, ya nguvu za farasi 180, Kaiser ilibaki na silinda sita za lita 3.7, vali zikiwa pembeni, na nguvu 118 tu hata kufikia 1954, kwa kuwa fedha za kuunda V8 yake hazikutosha. Supachaja ya kampuni ya McCulloch iliwekwa ili kuziba pengo hilo, na injini ileile ikafika nguvu 140.

Kwa hiyo anayekataa kulipa zaidi ana hoja. Nguvu 22 si nyingi kwa gari la takriban tani moja na nusu, na Ford ya mwaka 1954, gari la bei nafuu zaidi, ilipata 130 kwa V8 yake bila msaada wowote. Tena kifaa chenyewe kinahitaji fundi mvumilivu. Tofauti na tabo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi, hiki huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, kisha gololi za chuma zilizo ndani yake huongeza kasi hadi makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Katika mwendo wa kawaida hakisukumi hewa ya maana. Dereva anapokanyaga mafuta hadi chini ndipo kinapoamka na kuvuvia injini kama mvukuto wa mhunzi. Gololi zikilika, au oili yake ikiachwa ipungue, huanza kulia na hatimaye hukwama. Hapo mmiliki aliyechoka huweza kuondoa mkanda, gari likaendelea kutembea, na mnunuzi asiyekagua akalipia chuma kilicholala.

Hata hivyo, nadhani wanaoishia kwenye hesabu ya nguvu wanaliangalia gari hili kwa jicho moja. Magari ya Marekani yaliyotoka kiwandani na supachaja ni machache, na mengi yanayosifiwa ni ya milango miwili au ya matajiri. Hili lilikuwa gari la baba, mama na watoto. Bodi yake, iliyotokana na kazi ya mbunifu wa magari Howard Darrin, ni ya chini kuliko za wenzake wa enzi hiyo. Dashibodi ina mto wa kumkinga abiria, na kioo cha mbele kilitengenezwa kiweze kutoka kikigongwa kwa nguvu, mambo ambayo wengine waliyachukulia kwa uzito miaka mingi baadaye. Taa nyekundu za nyuma zimepanda hadi juu ya madigadi, zionekane pia kutoka ubavuni. Supachaja ni sehemu ya juhudi hiyo ya kampuni ndogo kushindana na wakubwa, na ukiiondoa unaondoa nusu ya maelezo ya gari. Mwaka 1955 Kaiser iliacha kuunda magari madogo ya abiria nchini Marekani, ikabaki na magari ya Jeep ya kampuni ya Willys, iliyokuwa imeinunua mwaka 1953, na mitambo ya bodi ikapelekwa Argentina, ambako gari hili lilirudi kwa jina la Carabela.

Kwa maoni yangu, bei ya juu ni halali iwapo mfumo umekamilika: supachaja yenyewe, puli zake, mabomba ya hewa, na kabureta iliyoandaliwa kuhimili presha. Kupata sehemu hizo leo ni kugumu kuliko kukarabati injini yote. Muuzaji akubali mnunuzi apandishe mlima huku amekanyaga mafuta hadi mwisho, asikie sauti ikibadilika. Asipokubali, au mkanda usipokuwapo, bei ianzie pale ilipo ya Special, kisha gharama ya matengenezo ipunguzwe humo.