Niacheni Nisome Maneno

Kuna jambo linalonikera kila Jumamosi katika banda la gemu ninakokwenda pale Kirumba, nalo ni watu wanaosimama nyuma ya kiti changu wakipiga kelele, "Ruka! Ruka!" kila mhusika anapofungua kinywa. Mimi hucheza Cyberpunk 2077, gemu ya CD Projekt Red ya Poland iliyotoka Desemba 2020, na humo maneno ndiyo nusu ya mchezo wenyewe: tangu mwanzo unamchagulia mhusika wako, V, mojawapo ya asili tatu, na asili hiyo humfungulia baadaye majibu ambayo wa asili nyingine hawayapati. Ukiyaruka mazungumzo, unabaki na risasi tu.

Wiki iliyopita nilikuwa katikati ya mazungumzo mazito, mstari wa muda ukipungua kwenye kioo (baadhi ya majibu yana kikomo cha muda), kijana mmoja akapitisha mkono juu ya bega langu, akabonyeza kitufe. Likachaguliwa jibu nisilolitaka kabisa. Yeye akacheka na kurudia kifuko chake cha dagaa wa kukaanga, akiniachia mafuta kwenye padi.

Ninalipia saa yangu kama wao wanavyolipia mechi zao za mpira, na sijawahi kumwelekeza mtu ampasie nani. Nikitaka kusikiliza kila neno hadi muda wangu uishe, niacheni nisikilize.