Wacuba watatu jukwaani, bendera ya Cuba haipo

Ijumaa usiku, Agosti 9, 2024, siku moja baada ya Nane Nane, kijiwe chetu cha Temeke kilikuwa bado kinabishana juu ya Yanga kuifunga Simba 1-0 jana yake kwenye Ngao ya Jamii. Televisheni ya muuza chipsi ilikuwa inaonyesha Olimpiki ya Paris, fainali ya wanaume ya miruko mitatu, na hakuna aliyeijali sana mpaka washindi walipojifunga bendera. Jordan Díaz alijifunga ya Hispania, mita 17.86. Pedro Pichardo ya Ureno, mita 17.84. Andy Díaz ya Italia, mita 17.64. Mtangazaji akasema wote watatu wamezaliwa Cuba. Fundi pikipiki mmoja aliyekaa juu ya kreti ya soda akageuka akauliza, "Sasa Cuba wenyewe wamepata nini?"

Hawakupata kitu. Na mimi tangu usiku ule nimekuwa nikilichambua swali la fundi, kwa sababu majibu mepesi yako mawili na yote yana ukweli ndani yake.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, maana ndiyo kiini cha malalamiko. Mrukaji anakimbia, anakanyaga kibao, anatua kwa mguu uleule aliorukia, anahamia mguu wa pili, halafu ndipo anajitupa mchangani. Mguu mmoja unabeba mwili wote katika kasi ambayo goti la mtu wa kawaida lingekatika. Hilo halijifunzi kwa mwaka mmoja. Mtoto anaanzishwa mapema, anajengwa misuli na kano taratibu, na mwalimu asiyejua kazi anaweza kumlemaza. Cuba wana shule ya mchezo huu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1971 Pedro Pérez Dueñas, kijana wa miaka 19, aliruka mita 17.40 kule Cali na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka 1997 Yoelbi Quesada akawa bingwa wa dunia kwa mita 17.85. Díaz wawili na Pichardo wametoka katika kisima hichohicho: walimu, viwanja, chakula na mabweni yaliyolipiwa na nchi isiyo na fedha nyingi.

Kwa hiyo anayesema Cuba imeporwa ana hoja nzito. Hispania haikumfundisha Jordan Díaz kuruka. Alipojitenga na timu ya Cuba mwaka 2021 akiwa huko Hispania alikuwa na miaka 20 na tayari alikuwa miongoni mwa warukaji bora wa rika lake duniani. Walichofanya Wahispania ni kumpokea, kumpa uraia, kumkabidhi kwa Iván Pedroso, ambaye naye ni Mcuba, bingwa wa zamani wa kuruka chini, na kusubiri. Juni 2024, mara tu aliporuhusiwa kuwavalia jezi, akaruka mita 18.18 kwenye mashindano ya Ulaya mjini Rome. Rekodi ya dunia ya Jonathan Edwards, mita 18.29, iliyowekwa Gothenburg mwaka 1995, ilibaki mbele yake kwa sentimita 11 tu.

Kuna na mwingine anayeumia ambaye hatajwi sana. Nafasi ya nne kule Paris alikuwa Jaydon Hibbert wa Jamaica, kijana wa miaka 19, kwa mita 17.61. Alikosa shaba kwa sentimita tatu. Aliyempita, Andy Díaz, aliruhusiwa kuichezea Italia kuanzia Agosti 1, 2024, siku nane kabla ya fainali. Kanuni ilifuatwa, hakuna aliyedanganya. Lakini ukimweka Hibbert mbele yako ukamwambia kwamba mambo yote yalikuwa sawa, utahitaji kusema zaidi ya "kanuni inaruhusu".

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hadithi hii. Stephen Cherono wa Kenya alihamia Qatar mwaka 2003, akabadilishwa jina kuwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya dunia ya kuruka viunzi na maji akiwashinda Wakenya wenzake. Rekodi yake ya dunia ya 2004 ilidumu mpaka 2023 ikiwa chini ya jina la Qatar. Paris 2024, dhahabu ya wanawake ya mbio hizohizo ilikwenda Bahrain kwa miguu ya Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya. Biashara ya aina hiyo ilipozidi, shirikisho la riadha duniani lilisimamisha uhamisho wote Februari 2017, na mwaka uliofuata likaja na masharti mapya: mwanariadha awe na angalau miaka 20, asubiri miaka mitatu, na ahame mara moja tu.

Sasa tumsikilize aliyeondoka. Pichardo alitaka kufundishwa na baba yake mzazi. Shirikisho la kwao likataka awe chini ya mwalimu liliyemchagua, na mwaka 2014 likamfungia kwa utovu wa nidhamu. Mwaka 2017 akiwa kambini Ujerumani aliondoka, akaenda Ureno, na baba akabaki kuwa mwalimu wake. Akasubiri mpaka Agosti 2019 ndipo akaruhusiwa. Akalipa kwa dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo kwa mita 17.98 na ubingwa wa dunia wa 2022 kwa mita 17.95. Andy Díaz alibaki Roma akitokea Olimpiki hiyo ya Tokyo, akapokelewa nyumbani kwa Fabrizio Donato, mrukaji wa Italia aliyepata shaba mwaka 2012, ambaye akawa mwalimu wake. Hizi si hadithi za watu waliofuata mabunda ya fedha kama wanavyosemwa. Ni vijana waliohama kama wanavyohama madaktari wetu, wauguzi wetu na wahandisi wetu, na hakuna anayemwambia daktari asubiri miaka mitatu ndipo ashike kisu cha upasuaji.

Mrukaji ana miaka labda kumi ya kuwa bora. Kumkalisha mitatu ni kuchukua karibu theluthi ya maisha yake ya kazi. Jordan Díaz alikosa Olimpiki moja na mashindano mawili ya dunia, 2022 na 2023, akiwa na afya na uwezo wa medali. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka kanuni ikazwe zaidi. Adhabu yote ya kanuni ya sasa inamwangukia mwanariadha. Nchi inayompokea hailipi chochote, inangoja tu. Nchi iliyomlea haipati chochote, hata asubiri miaka kumi. Ukiongeza miaka ya kusubiri unamwongezea maumivu kijana, na mwalimu aliyemwanzisha kule Havana anabaki mikono mitupu vilevile.

Na sisi wa Dar es Salaam tusijifanye watazamaji. Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, walipopewa uraia wa Tanzania, kila daladala ya Mbagala hadi Kariakoo ilikuwa na mwanasheria wake. Wengine walishangilia kwamba Taifa Stars itanenepa. Wengine wakauliza kwa nini Mtanzania wa kuzaliwa anayechukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa kwetu, kwa kuwa sheria hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, halafu mgeni apewe haraka. Mimi niliwaelewa wote. Ila nilichokiona ni kwamba wengi waliokuwa wakimlaani Mhispania mwaka 2024 hawakuuliza hata mara moja ni shule gani ya Ghana au Guinea iliyowalea vijana hao. Tulipokuwa wapokeaji, tulisahau mlezi.

Kandanda angalau lina dawa yake. Mchezaji anapouzwa kwa fedha kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya malipo inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ilizihesabu hata klabu za Dar alizopitia akiwa kijana. Riadha haina kitu kama hicho. Hakuna ada ya uhamisho, kwa hiyo hakuna asilimia.

Ningependa iwepo. Shirikisho linalompokea mwanariadha aliyekwisha kuiwakilisha nchi nyingine lilipe kiasi kinachojulikana, kwa kiwango chake cha ubora siku anayoomba, na malipo hayo yasikatwe kwenye mapato ya mwanariadha. Dhahabu ya Paris kwa riadha ilikuwa na zawadi ya dola 50,000 kutoka shirikisho la dunia. Nchi inayoweza kumtunza mrukaji wa mita 18 miaka mitatu bila kumtumia haiwezi kushindwa kulipa kiasi kama hicho. Ikilipa, muda wa kusubiri upunguzwe uwe mwaka mmoja.

Najua pingamizi, na moja ni kubwa. Ukiweka bei, umefungua duka. Qatar ya 2003 ingelipa dola 50,000 kabla ya chai. Ndiyo maana nasema sharti la umri na la kuhama mara moja libaki palepale, na mhamaji aonyeshe kwamba anaishi kweli anakohamia, kama Pichardo na Andy Díaz walivyoishi. Pingamizi la pili ni la kwetu zaidi: fedha zikifika kwenye shirikisho la taifa, mwalimu wa shule hataziona. Hilo sina jibu kamili, ila malipo ya kandanda yanaelekezwa kwa klabu yenyewe, na riadha ingeweza kuelekeza kwenye klabu, kituo au shule iliyomsajili mtoto, kwa jina.

Yuko mtu wa tatu wa kumtazama kabla ya kuhukumu, Hugues Fabrice Zango wa Burkina Faso. Alikwenda Ufaransa kusoma, akapata shahada ya uzamivu ya uhandisi wa umeme, akafundishwa na Teddy Tamgho, bingwa wa dunia wa 2013, na bendera hakuibadilisha. Shaba yake ya Tokyo, mita 17.47, ni medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Burkina Faso. Mwaka 2023 kule Budapest akawa bingwa wa dunia kwa mita 17.64. Wengi humtumia kama fimbo ya kuwapigia waliohama. Mimi sioni haki hapo. Zango aliondoka nyumbani akiwa huru kuondoka na huru kurudi. Mcuba aliyeitoroka kambi hakuwa na mlango huo wa pili.

Septemba 2025, Tokyo tena, mashindano ya dunia. Tarehe 15 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03 kwenye marathoni na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Petros mwenyewe ni mzaliwa wa Eritrea aliyefika Ujerumani kama mkimbizi, na sikusikia mtu yeyote Dar akisema hakustahili kuwa pale. Siku nne baadaye, fainali ya miruko mitatu. Andrea Dallavalle, aliyezaliwa na kukulia Italia, aliruka mita 17.64 katika mzunguko wa mwisho na kuongoza. Pichardo, miaka 32, akajibu katika mruko wake wa mwisho kwa mita 17.91. Shaba ilikwenda kwa Lázaro Martínez, mita 17.49, akiwa na jezi ya Cuba.

Niliporudi kijiweni, fundi pikipiki alikuwa ameshayaona matokeo kwenye simu. Akaniambia safari hii Cuba wameambulia moja, halafu akauliza Ureno imewapa shilingi ngapi kwa ile nyingine.