Wapolandi Hawakuzaliwa Kabila Moja

Mjadala wa ukabila ukipamba moto kijiweni, hakosekani mtu wa kusema: "Wenzetu Ulaya wametutangulia kwa sababu kila nchi ni kabila moja. Mpolandi ni Mpolandi, basi, yamekwisha." Nimeyasikia maneno haya kwenye daladala na kwenye vikao vya harusi. Mwaka juzi nikayasikia kwa mwalimu wa historia, mtu ninayemheshimu sana, na siku ile nilikosa la kumjibu. Jibu langu ni hili, ingawa limechelewa.

Naichukua Poland kwa kuwa ndiyo nchi ambayo, ukiitazama leo, utasema mwalimu yule hakukosea. Watu milioni 37 hivi, karibu wote wanazungumza Kipolandi, na wengi wao wamebatizwa Wakatoliki. Lakini Poland ya namna hiyo ni changa kuliko bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Jina lenyewe lilitoka kwa Wapolanie, Waslavi wa bonde la mto Warta, na asili yake ni neno "pole", yaani konde au uwanda. Mtawala wao Mieszko alibatizwa mwaka 966, na mwanawe Bolesław akavishwa taji la ufalme mwaka 1025. Kando yao walikuwapo Wawiślanie wa upande wa Kraków, watu wa Mazowsze, watu wa Silesia na watu wa pwani ya Pomerania. Dola moja ikawameza wote. Hapo mwanzoni kabisa, basi, tunakuta makabila kadhaa yaliyobeba jina la mmoja wao.

Mwaka 1386 malkia Jadwiga aliolewa na mtawala wa Lithuania, Jagiełło, na mwaka 1569 pale Lublin nchi hizo mbili zikafungwa pamoja kuwa dola moja kubwa, kutoka pwani ya Baltiki hadi mbuga za Ukraina. Humo mlikuwa na Wapolandi, Walithuania, Waruthenia ambao ndio mababu wa Waukraina na Wabelarusi wa leo, Wajerumani wa mijini, Waarmenia na Wayahudi wengi. Walikuwamo hata Watatari, na hawa niacheni niwazungumzie kidogo, maana watu wa huku kwetu wangefurahi kuwajua. Ni Waislamu waliopigana katika majeshi ya dola hiyo. Mwaka 1679 mfalme Jan Sobieski aliwapa baadhi ya askari hao ardhi, na misikiti yao ya mbao ingali imesimama katika vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki, kaskazini mashariki mwa Poland. Kitatari kiliwatoka vinywani wakabaki na lugha za majirani. Vitabu vyao vya dini wakaviandika kwa Kibelarusi na Kipolandi, ila kwa herufi za Kiarabu. Aliyewahi kuona utenzi wa Lamu katika hati ya zamani ataelewa kwa nini habari hii ilinigusa nilipokutana nayo.

Katika dola ile, neno "taifa" lilikuwa na wenyewe. Taifa la Poland lilikuwa ni mamwinyi, szlachta kama wanavyowaita, karibu mtu mmoja kati ya kumi. Mwinyi angeweza kuwa Mruthenia kwa asili, Mwothodoksi au Mprotestanti kwa dini, na bado akahesabiwa ni wa taifa la Poland, kwa sababu alikuwa na kura bungeni na katika kumchagua mfalme. Mamwinyi hao walijitungia nasaba yao pia: wakajiita kizazi cha Wasarmati, wapanda farasi wa zama za kale, wakidai kwamba damu yao si ile ya mkulima anayewalimia. Mkulima huyo alizungumza Kipolandi hichohicho na kusali kanisa lilelile, lakini alifungwa kwenye ardhi ya bwana wake na kufanya shokoa siku kadhaa kila wiki. Angeambiwa ni Mpolandi, angeshangaa.

Tunajua angeshangaa kwa sababu ya yaliyotokea Februari 1846. Wakati huo dola ilikwisha kufutwa kwenye ramani. Urusi, Prussia iliyokuwa dola ya Wajerumani, na Austria ziligawana ardhi yake mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, hadi isibaki hata wilaya moja. Katika jimbo la Galicia, chini ya Austria, mamwinyi walipanga uasi ili waifufue nchi. Wakulima wa upande wa Tarnów waliposikia, walichukua miundu na mipini wakawageukia mamwinyi wenyewe. Kama watu elfu moja waliuawa, mamia ya majumba ya kibwanyenye yakavunjwa, na maiti zikapakiwa kwenye mikokoteni na kupelekwa mjini Tarnów kwa maofisa wa Austria. Kwa wakulima wale, "Wapolandi" lilikuwa jina la mabwana waliowapiga viboko. Wao walijiita watu wa Kaisari, yaani wa mtawala mkuu wa Austria.

Ndugu msomaji, hapo waliouana walikuwa na lugha moja, dini moja na rangi moja. Kama kufanana kungetosha kuwafanya watu kuwa taifa, Galicia isingemwaga damu ile.

Sasa njoo Września, mji mdogo uliokuwa chini ya Prussia, tarehe 20 Mei 1901. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba hata somo la dini lifundishwe kwa Kijerumani. Watoto wakakataa kujibu. Waliwekwa baada ya masomo, wakachapwa mmojammoja, na vilio vyao vikasikika mpaka barabarani, ambako wazazi walikuwa wamekusanyika. Wazazi hao ndio walioshtakiwa na kufungwa. Miaka mitano baadaye mgomo ulienea jimbo zima na makumi ya maelfu ya watoto wakanyamaza kimya darasani. Hawakuwa watoto wa mamwinyi, walikuwa watoto wa vibarua, mafundi na wakulima.

Baina ya mikokoteni ya Tarnów na viboko vya Września kuna miaka 55, na kuna mpaka wa himaya mbili pia, kwa hiyo sisemi ni hadithi moja. Lakini mtu wa chini alikuwa amebadilika. Shokoa ilifutwa Prussia katika nusu ya kwanza ya karne, Austria mwaka 1848 na upande wa Urusi mwaka 1864, na mkulima akapata ardhi yake. Magazeti na vyama vya akiba vikafika kijijini. Kisha watawala wakaanza kumbana katika kitu alichokuwa nacho mwenyewe, sala aliyofundishwa na mama yake. Naamini Upolandi wa watu wengi ulizaliwa katika karne hiyo, ukafika mpaka jikoni, na akina mama ndio walioubeba.

Nchi iliporudi kwenye ramani Novemba 1918, baada ya miaka 123, bado haikuwa ya kabila moja. Katika sensa ya 1931, kwa watu wapatao milioni 32, Kipolandi kilikuwa lugha ya mama ya chini ya asilimia 70. Waliosalia walikuwa Waukraina, Wayahudi, Wabelarusi na Wajerumani. Na huko Polesie, kwenye vinamasi vya mashariki, kuna watu waliowatatiza makarani. Wakiulizwa lugha yao, walijibu ni ya hapa. "Tutejsi", yaani wa hapahapa. Jibu hilo liliandikwa kwa watu wapatao 707,000! Nami sioni ujinga wowote ndani yake. Muulize mzee wa Lamu kabila lake, huenda akakwambia yeye ni Mwamu. Wa Pate atasema Mpate. Mtu amejibu sawasawa, kilichokosekana ni kisanduku cha kumtilia.

Basi, kabila moja lilitoka wapi? Lilitoka kwenye mauaji. Ujerumani ilivamia tarehe 1 Septemba 1939, Urusi ya Kisovyeti tarehe 17 mwezi huohuo. Wajerumani waliwaua Wayahudi wa Poland kama milioni tatu, watu ambao jamaa zao waliishi pale kwa karne nyingi. Huko Volhynia, jimbo la mashariki, wanamgambo wa Kiukraina waliua makumi ya maelfu ya raia Wapolandi. Vita vilipokwisha, mataifa makubwa yaliisogeza nchi nzima upande wa magharibi: miji ya Lwów na Wilno ya mashariki ikaondoka, Wrocław na Szczecin iliyokuwa ya Ujerumani ikaingia, Wajerumani wakafukuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1947 serikali mpya ya kikomunisti iliwahamisha kwa nguvu Waukraina na Walemko, watu wa milimani walio jamaa zao, wapatao 140,000 kutoka kusini mashariki na kuwatawanya. Mwaka 1968 ikawabana Wayahudi wachache waliobaki mpaka maelfu wakaondoka.

Ndiyo maana maneno ya kijiweni yananiuma. Tunausifu upweke wa nyumba iliyofiwa tukidhani ni utulivu. Na hata hivyo bado hawajawa wamoja: katika sensa ya 2011 watu zaidi ya 800,000 walijiandika kuwa Wasilesia, wengine wakiongeza kuwa ni Wapolandi pia. Mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuitambua lugha yao, rais akaikataa.

Niliyaelewa haya yote vizuri zaidi nilipokwenda Tengeru, karibu na Arusha. Unaiacha barabara kuu, unapita migomba na mikahawa kuelekea upande wa Ziwa Duluti, mpaka kwenye makaburi yaliyozungushiwa ukuta. Yako karibu 150, safu kwa safu, misalaba yake ya saruji ikiwa na majina ambayo ulimi wangu ulishindwa kuyatamka. Juu ya kaburi moja palikuwa na kikopo cha kioo chekundu, ndani yake mabaki ya nta. Wapolandi huwasha mishumaa ya namna hiyo makaburini kila tarehe 1 Novemba.

Waliolala pale walichukuliwa usiku majumbani mwao mashariki mwa Poland mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa na Wasovyeti Siberia na Kazakhstan. Walionusurika walitolewa kupitia Uajemi mwaka 1942, na takriban 18,000 wakaletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wengi wao wanawake na watoto. Tengeru ilipokea kama 5,000. Wengi walikuwa Wakatoliki, lakini walikuwamo pia Waothodoksi wenye asili ya Ukraina na Belarus, na Wayahudi wachache. Wote waliingia kwa jina moja, Wapolandi.

Chini ya Mlima Meru, katika vibanda vya duara, watoto wao walisomeshwa kwa Kipolandi, wakakariri wafalme na mito ya kwao. Februari 1945, wao wakiwa bado madarasani, wakubwa wa Marekani, Uingereza na Usovyeti walikutana Yalta, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, na kukubaliana kuhusu mpaka mpya wa Poland. Vijiji walivyotoka vikabaki upande wa Wasovyeti. Wengi hawakurudi tena, wakaenda Uingereza, Kanada na Australia.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mlinzi wakati wa kuondoka, kisha nikamuuliza kama ndugu wa hawa marehemu bado wanafika.

"Marahaba, mwanangu. Wanafika. Wanakuja na udongo kwenye mfuko, wanamwaga hapa juu. Halafu wanachota wa hapa, wanaondoka nao."