Si Mbwa Aliyeniangusha, Ni Bolti

Kwa vile ile klipu imeshatoka kwenye kundi la baiskeli, ikapita kwa kundi la kanisa na sasa iko kwa mashemeji, naomba na mimi nisikilizwe. Aliyerekodi ni rafiki yangu. Simtaji jina, anajijua, na ile pampu yangu aliyoazima airudishe. Ndiye aliyeandika chini ya video: "Kiongozi wa msafara aangushwa na kambwa Karura." Jamani, yule mbwa alikuwa ameketi. Itazameni tena mtaona hata yeye alishangaa.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimewachukua wageni wa kundi, watu waliochoka kupigiwa honi na kusukumwa mtaroni na matatu, niwaonyeshe kwamba ndani ya Nairobi hii mtu anaweza kupanda na kushuka vilima vya msitu wa Karura asubuhi nzima bila kugeuza shingo kuangalia nani anakuja nyuma. Tuliingia kwa geti la Limuru Road, tukashika barabara pana ya murram. Kwa mgeni Karura haina shida: kwenye makutano kuna vigingi vyenye namba, kwa hivyo aliyeachwa nyuma anapiga simu anasema niko namba fulani, anangojwa. Vijia vyembamba vya kandokando ya mto waachieni wanaotembea. Mkienda kuona mapango ya Mau Mau au maporomoko, baiskeli iacheni juu mshuke kwa miguu. Na upepo msijaze kama mnaenda Thika Road. Tairi ya milimita 40 inatosha psi 35. Ukiweka 60 utarushwa na kila mzizi, na kwenye kona tairi litateleza kabla hujajua.

Sasa, Ijumaa usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ule udongo mwekundu tunaujua. Ukilowa haurushwi na tairi, unashika. Unajaa kati ya tairi na fremu, unajaa kwenye breki, na ukishuka kusukuma baiskeli mahali pa mlima unajaa chini ya viatu. Wekeni hilo akilini, litarudi.

Halafu kuna viatu vyangu. Ndiyo, ni vya mitumba, na ndiyo, nilijigamba navyo kwenye kundi, picha bado zipo, acheni kuzitafuta. Ni vile viatu vya kunasa. Chini ya soli kuna kipande cha chuma, kliti, kinachoshikwa na bolti mbili fupi za kufungwa kwa spana ya aleni ya milimita 4. Ukikanyaga, kliti inaingia kwenye taya za pedali inanasa. Ukitaka kutoka, unasukuma kisigino nje, taya zinaachia. Aliyeniuzia alinifungia kliti mwenyewe, bure, kwa roho safi na bila grisi. Bolti za kliti zinataka kupakwa grisi kwenye nyuzi na kukazwa nyutonimita 5 hadi 6. Zikikazwa kwa kukadiria, mtikisiko wa murram unazifungua polepole, na dalili yake ni mlio: kwi, kwi, kwi, kila mguu ukienda chini. Mlio huo ulitusindikiza tangu getini. Rafiki yangu, huyuhuyu mpiga picha, akasema ni cheni, akaimwagia mafuta. Cheni ikanyamaza. Mlio ukaendelea.

Bolti moja ikidondoka, mambo yanageuka hivi: iliyobaki inakuwa ekseli. Unasukuma kisigino nje, kiatu kinazunguka juu ya kliti, na kliti haina habari. Mguu umetoka kwa mawazo, kwa pedali bado umo.

Tunateremka kuelekea kidaraja. Mimi mbele, naongea. Nilikuwa nimefika kwenye historia, sehemu ninayoipenda: Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walivyokuja hapa kupanda miti wakati msitu unagawiwa wajenzi, wakavamiwa, yeye akajeruhiwa kichwani, mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Wageni wametulia, wananisikiliza. Kando ya njia kuna akina mama wa ushirika fulani, fulana za rangi moja, leso zimetandikwa, chupa za chai, mandazi. Pembeni yao, mbwa. Nikashika breki kwa ustaarabu, kwa sababu watu wako njiani, nikageuza kichwa nimalizie: "Ndiyo maana leo tuna hekta 1,041..."

Hekta hizo ziliishia hapo.

Baiskeli imesimama. Nasukuma kisigino cha kushoto. Kinaenda. Kinaenda vizuri, kinaenda zaidi ya kawaida, vidole sasa vinatazama tairi la mbele na kisigino kinatazama akina mama, lakini mguu hautoki. Narudisha. Nasukuma tena kwa nguvu. Hautoki. Hapo akili inakwambia: toa wa kulia. Wa kulia una bolti zote mbili, lakini umejaa ule udongo, taya hazifunguki. Na hata zingefunguka zisingenisaidia, kwa sababu mwili umeshaanza kulala kushoto, na upande unaolalia ndio unaohitaji mguu.

Watu husema ajali hutokea ghafla. Yangu haikuwa na haraka. Nilipata nafasi ya kumwona mama mmoja akiinua chupa ya chai aiokoe. Nikamwona rafiki yangu anaingiza mkono mfukoni, nikadhani anakuja kunishika, kumbe anatoa simu. Nikasikia mtu anasema, "Aki huyu anaanguka," na sauti ile haikuwa ya kuuliza. Bado nimeketi wima kwenye tandiko, mikono kwenye usukani, nimenyooka, nikaenda chini kama mkaratusi uliokatwa. Kiwiko, nyonga, bega. Ncha ya usukani ikatua ndani ya kontena ya mandazi.

Kimya. Kisha mtoto: "Mama, mbona amefungwa?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa sina jibu fupi.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na fimbo yake akaja mbio, Mungu ambariki. Akashika fremu akaivuta ili anitolee baiskeli. Baiskeli ikaja, na mimi nikaja nayo. Akavuta tena, tukasogea wote hatua moja karibu na mbwa. "Kijana, achilia!" Nikamwambia, "Mzee, sijaishika, imenishika." Mama wa chupa akauliza kama kuna ndugu wa kupigiwa simu. Sehemu hii yote iko kwenye klipu, na mkisikiliza mtasikia mpiga picha anavyopumua kwa shida.

Iwapo yatawapata: msizungushe zaidi, mtaumia goti. Fungueni kiatu, toeni mguu, kiatu kibaki palepale. Nyumbani legezeni skrubu ya spring ya pedali, kwa nyingi ni aleni ya milimita 3, kinyume cha saa, halafu chukueni bisibisi bapa msukume ile taya ya nyuma huku mnainua kisigino cha kiatu. Kitatoka. Na kwenye kimfuko cha chini ya tandiko wekeni bolti mbili za akiba. Ile ya kushikilia chupa ya maji nilijaribu, nyuzi zinaingia, lakini kichwa chake ni kinene, kliti hainasi.

Msituni sikuwa na bisibisi. Basi nikapanda, nikachomeka mguu ndani ya kiatu kilichokuwa tayari kwenye pedali, mikanda wazi, kama wafanyavyo wale wa mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio. Kila nikitaka kusimama nauchomoa mguu, natua na soksi kwenye tope. Mandazi nililipa, akina mama wakakataa hela, wakanipa matatu nile njiani. Kilichobaki kuuma ni kiwiko na mashemeji.

Getini askari aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye soksi, iliyokuwa nyeupe asubuhi.

"Kiatu umeacha wapi, ndugu?"

Nikamwonyesha pedali. Akainama, akakitazama, akakivuta kidogo kuhakikisha.

"Basi umekifunga vizuri," akasema. "Hapa hakiibiwi."