Setilaiti inaona kijani, haijui ni kijani cha nini

Siku hizi kila mkutano wa tabianchi lazima mtu asimame aseme setilaiti na AI ndo zitatuokoa na ukame, halafu upande wa pili kuna wale wanaosema hizo ni miradi ya kula hela za wafadhili tu. Mi naona wote wanaongea juu juu, afadhali tuangalie kitu kimeshajaribiwa hapa Kenya zaidi ya miaka kumi, yaani ile bima ya mifugo ya kaskazini.

Ilianza Marsabit 2010, ikisukumwa na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo. Bima ya kawaida kule haiwezekani. Hebu fikiria karani anazunguka North Horr akihesabu mizoga ya mbuzi na kubishana na kila mfugaji kama amekufa kwa njaa ama kwa ugonjwa, mafuta ya gari peke yake yangemaliza kampuni. Kwa hivyo wakaamua kuachana na mizoga, wapime malisho kutoka angani: setilaiti inaangalia mwanga unaorudishwa na majani, inalinganisha na miaka ya nyuma, ukijani ukishuka chini ya kiwango flani wote wenye bima eneo hilo wanalipwa. Hakuna karani wa kuhonga, na hiyo kwangu ni faida kubwa kuliko watu wanavyoisema.

Mwanzoni malipo yalikuja mifugo ikishakufa, baadaye wakabadilisha pesa zitoke mapema ili mtu anunue nyasi na maji ng'ombe akiwa bado amesimama. 2015 serikali ikaingia na KLIP, mpango wake wa bima ya mifugo, ikaanza Turkana na Wajir, ikilipia kila familia iliyochaguliwa bima ya kama ng'ombe 5 ama mbuzi 50.

Sasa shida iko hapa. Mathenge, ule mti wa miiba unaovamia malisho, nayo ni kijani, tena inabaki kijani kiangazi chote kwa sababu mizizi yake inaenda chini sana, na majani yake ng'ombe hayapendi. Mbuzi anakula zile ganda zake lakini meno yanaharibika, wale watu wa Baringo si walipeleka mbuzi kibogoyo mpaka kortini! Kwa hivyo ramani inaweza kusema malisho yako sawa huku mtu anaangalia ng'ombe wake wakianguka, na hapo hata umweleze vipi kwamba kinachopimwa ni wastani wa eneo zima hakuelewi, na mi simlaumu.

AI inasaidia, sikatai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha inaweza kutabiri hali ya mimea Kenya wiki kadhaa mbele, na kwa mfugaji wiki nne ni nyingi, unauza beberu wawili kabla bei haijaanguka. Lakini AI inajifunza kwa yaliyopita, na kati ya 2020 na mapema 2023 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kitu hakijaonekana kwa miaka 40 hivi, sasa itajifunzia wapi kitu kama hicho?

Mi bado niko upande wa setilaiti, ila macho ya wafugaji yaingizwe kwenye hesabu. ILRI wana app ya KAZNET ambapo wafugaji wanatuma taarifa za soko na malisho kwa simu na wanalipwa kitu kidogo. Kuna watakaosema ukiruhusu watu kutuma data watadanganya ili walipwe, na ni kweli, kwa hivyo data hiyo isiamue nani analipwa msimu huu, itumike kufundisha AI itofautishe mathenge na nyasi kabla msimu haujaanza.

Na hii haiwezi kungoja, kwa sababu kwenye mradi wa DRIVE, ule wa pesa za Benki ya Dunia, mfugaji anachangia bima kutoka mfukoni mwake. Wakati wa KLIP ramani ikikosea alikuwa amekosa msaada tu, sasa anakuwa amepoteza mifugo na hela yake pia, na mwaka unaofuata hanunui tena.