Birika la Ubatizo si Meza ya Vijarida

Jumapili iliyopita nilikuwa msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, katika kanisa moja la kijijini huku Uingereza ambalo sitalitaja jina, kwa kuwa wenyeji walitupokea kwa moyo na keki yao ilikuwa nzuri. Mtoto alibatizwa mbele, chini ya skrini, kwa maji yaliyotiwa katika bakuli la kioo juu ya meza ya kukunja. Nyuma yetu, hatua chache kutoka mlangoni, lilisimama birika la ubatizo la jiwe lililochongwa katika karne ya 12, na juu ya kifuniko chake palikuwa na rundo la vijarida, maua ya plastiki na sanduku la michango ya kutengeneza paa. Baada ya ibada nilikiinua kifuniko hicho (ndiyo, nilikiinua) nikakuta ndani waya za vipaza sauti, zimekunjwa vizuri kabisa.

Kanisa la Uingereza lina kanuni zake, na ile iitwayo F1 inasema birika liwe karibu na mlango mkuu kadiri inavyowezekana, isipokuwa pana desturi nyingine au askofu ameelekeza vingine. Liwe na kifuniko cha kulikinga na uchafu. Na bakuli lake lisitumike kwa jambo lolote ila maji ya ubatizo. Nimeisoma mara tatu nikitafuta panaporuhusiwa waya, sijapaona.

Lakini si waya zilizonikera zaidi. Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyeona ajabu mtoto kubatizwa mwisho wa safari badala ya mwanzo wake. Birika halikuwekwa mlangoni kwa sababu pale palikuwa na nafasi. Zama za Kati ibada ya ubatizo ilianzia nje, barazani, ambako padri alimpokea mtoto na kumwombea kabla hajavuka kizingiti. Kisha aliingizwa, akafikishwa birikani, akavuliwa nguo na kuchovywa majini. Ndiyo maana mabirika hayo ni mapana na yana kina, kwani yalichongwa kwa kipimo cha mwili mzima wa mtoto, si kwa kipimo cha ncha za vidole vya padri. Hata Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kinamwagiza padri amchovye mtoto polepole na kwa uangalifu, na kummiminia maji kukiruhusiwa pale tu wazazi wanaposema kuwa ni dhaifu. Sisi tuliokulia pwani, hata tulio Wakristo, tumeliona birika la msikitini tangu utotoni na hatukuhitaji kuelezwa kwamba mtu hutawadha kwanza ndipo akaswali. Mgeni naye hubisha hodi mlangoni. Mtoto wetu alivushwa kizingiti, akalipita birika, akapita viti vyote, akafikishwa mbele kabisa, na hapo ndipo tukamwambia karibu.

Jambo linalochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka, ni kwamba bakuli hilo si la kisasa hata kidogo. Mwongozo wa ibada uliopitishwa na Bunge mwaka 1645 ulikataza kubatiza mahali yalipokuwa mabirika ya zamani, kwa hoja kwamba yaliwekwa huko kwa ushirikina wa Kipapa, na bakuli likashika nafasi yake. Mabirika mengi yaling'olewa, na mengine yakaishia kunyweshea mifugo. Ufalme uliokuwa umeondolewa uliporudi mwaka 1660 yakaanza kurudishwa, na makanisa yaliyopoteza la kwao yakachongesha jipya. Wapuriti, yaani Waprotestanti wakali waliosimama nyuma ya mwongozo huo, siwapendi, lakini angalau walilichukia birika, na mtu hachukii kitu kisicho na maana kwake. Wao walikuwa na hoja. Sisi tuna skrini.

Karne nne kabla yao watu waliliogopa. Maji yaliyobarikiwa yalikaa humo kwa muda mrefu, na mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Abingdon aliagiza mabirika yafungwe kwa kufuli, maji yasije yakachotwa kwa uchawi. Katika mabirika mengi makovu ya vyuma vya kufuli hizo bado yapo ukingoni. La kule kijijini linayo mawili. Niliyapapasa nilipokuwa nasogeza maua ya plastiki.

Tena hayo ni mawe yaliyofanyiwa kazi. Pale Burnham Deepdale, Norfolk, birika lina miezi yote 12: mtu wa Januari anakunywa kwa pembe, wa Februari anaota moto, mwingine anafyeka majani, mwingine anafunga mganda, hadi Desemba watu wamekaa mezani wanakula. Mtoto wa mkulima alizamishwa katikati ya mwaka mzima wa jasho la baba yake. Pale Eardisley, Herefordshire, Kristo anamvuta mtu kwa mkono kumtoa katika mizabibu iliyomsonga, na upande mwingine askari wawili wanapigana, mmoja kwa mkuki na mwenzake kwa upanga. Sijui bakuli la kioo lingetuonyesha nini, ila vidole vyetu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wazee hawawezi kusimama nyuma muda mrefu, na kwamba bibi wa mtoto ana haki ya kumwona mjukuu wake. Wazee wapewe viti, sisi wengine tugeuke. Shingo zipo kwa kazi hiyo.

Sababu ya mwisho niliyopewa na mama mmoja mwenye funguo, kwa upole mwingi, ni kwamba jiwe lile ni baridi mno na maji yake yangemwumiza mtoto. Binamu yangu anatarajia mtoto wa pili. Nimekwisha kumwambia kwamba safari hiyo waya nitazitoa mwenyewe, na maji ya moto nitayaleta kutoka nyumbani, ndani ya birika langu la chai.